Kupanda kwa Pumzi, Kushuka kwa Breki

Haya ni mazungumzo ya mwelimishaji wetu wa afya na wanafunzi wa sekondari huko Kapalamsenga, Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema, ili na wewe msomaji uliye mbali ukae nao darasani.

Walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi, mambo vipi? Mbona mnajibu kinyonge? Mambo vipi? Haya, sasa nimesikia!

Leo nimekuja kuzungumza nanyi juu ya baiskeli. Naona wengine mnacheka. Mmezoea kwamba mtu wa afya akija, anasema UKIMWI, anasema mimba, anaondoka. Hayo ni muhimu na tutayarudia siku nyingine. Lakini nimepita pale nje chini ya mwembe, nikaona baiskeli zenu zimepangwa. Nikajiambia, kumbe hiki ndicho chombo kinachowaleta shule, kinachopeleka mahindi mashineni, kinachombeba mgonjwa mpaka zahanati. Na ndicho kinachoweza kumvunja mtu shingo kwa dakika moja. Je, hilo si suala la afya?

Kwa nchi yetu hii ya milima suala lenyewe ni kubwa zaidi. Mpanda mjini ni zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi. Kwa hiyo ukielekea ziwani, hata kama katikati utapanda vilima vingapi, mwisho wa yote utakuwa umeteremka zaidi ya mita 200. Na ukirudi, utazilipa mita hizo zote kwa miguu yako!

Neno langu la leo ni moja, mnaweza kuliandika ubavuni mwa daftari: mlima unapandwa kwa pumzi na unashukwa kwa breki. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunaupanda kwa ubishi na kuushuka kwa mbwembwe.

Wenzetu na milima yao

Tuanze mbali kidogo, halafu turudi nyumbani.

Huko Italia kuna mikoa ya vilima vitupu, kama Toscana na Marche. Vilima vyake vimejaa mashamba ya mizabibu, kama mnavyosikia habari za zabibu za Dodoma. Katika vilima hivyo hufanyika mashindano makubwa ya baiskeli. Moja linaitwa Strade Bianche, maana yake "barabara nyeupe". Mnajua kwa nini ni nyeupe? Ni barabara za vumbi na changarawe! Lilianza mwaka 2007, na mabingwa wa dunia huja kupigania ushindi kwenye barabara ambazo wewe ungeziona ukasema, "Ah, hii si kama ya kwetu tu?"

Na Afrika je? Rwanda, nchi ya vilima vingi, ina mashindano yake ya kuzunguka nchi nzima. Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza kabisa katika bara la Afrika. Wanaume walikimbia zaidi ya kilomita 260 kwa siku moja, wakipanda na kushuka vilima vya mji ule, na wengi walishindwa kumaliza. Aliyeshinda ni Tadej Pogačar wa Slovenia. Kwa wanawake alishinda Magdeleine Vallieres wa Kanada.

Tena kuna kijana wa Eritrea, Biniam Girmay. Mji wao mkuu, Asmara, uko juu ya mita 2,300. Tarehe 17 Mei 2022, katika mji wa Jesi, kwenye vilima vya Marche, alishinda hatua ya mashindano ya kuzunguka Italia. Alikuwa Mwafrika Mweusi wa kwanza kushinda hatua katika mojawapo ya mashindano matatu makubwa ya dunia. Mwaka 2024 akashinda hatua tatu za mashindano ya kuzunguka Ufaransa na kurudi na fulana ya kijani. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba baiskeli ni chombo cha fukara au cha mtu aliyeshindwa maisha.

Kupanda: usishindane na mlima

Haya, sasa umefika chini ya kilima. Ufanye nini?

Kwenye tambarare adui yako mkubwa ni upepo. Kwenye mlima adui ni uzito. Baiskeli ya mashindano hairuhusiwi kuwa chini ya kilo 6.8, na nyingi zinakaribia hapo hapo. Hii Fonix yako ina karibu kilo 20, tena haina gia. Ukiongeza ndoo ya maji au gunia la mkaa, hesabu inakuwa nyingine kabisa.

Lakini mwili wako si dhaifu kama unavyodhani. Chukua mtu wa kilo 60 kwenye baiskeli ya kilo 20. Akipanda mpaka mita 100 juu ya pale alipoanzia, kazi iliyofanyika ni kama kilojuli 78. Misuli inatumia vizuri kama robo tu ya chakula tunachokula, nyingine inatoka kama joto, ndiyo maana unatokwa jasho. Ukipiga hesabu, gharama ya kilima hicho kwa chakula ni kama ndizi mbivu moja ndogo! Sasa mtu anakuja shule bila kunywa hata uji, anapanda vilima viwili, halafu saa nne anasinzia kwenye somo la Hisabati. Mwalimu anamwita mvivu. Jamani, hiyo ndizi yake iko wapi? Uji, kiazi, muhogo, karanga za jana, chochote kilichopo nyumbani, kula kabla ya kutoka. Na beba maji safi ya kunywa. Usinywe ya mtoni kwa sababu tu yanaonekana meupe. Homa ya matumbo na kipindupindu havionekani kwa macho.

Kuhusu pumzi, kuna kipimo kisichohitaji daktari. Ukiwa unanyonga, jaribu kusema sentensi moja nzima. Ukiweza kuimaliza, mwendo wako ni mzuri. Ukikatika katikati, punguza. Anayeanza kilima kwa fujo humaliza akiwa amekaa kando ya barabara, na yule aliyeanza pole pole anampita akimpungia mkono.

Angalia pia kiti chako. Pedeli ikiwa chini kabisa, mguu uwe karibu kunyooka. Kiti kikiwa chini sana, magoti ndiyo yatakayolia. Tairi lijae upepo, mnyororo upakwe mafuta. Mnyororo mkavu unakula nguvu zako bure.

Na mlima ukizidi? Shuka, sukuma. Naona kaka mmoja kule nyuma anatikisa kichwa, ati ataonekana mnyonge. Sikiliza: mwaka 2013, kwenye mashindano yanayoitwa Tirreno-Adriatico, huko huko Marche, walikutana na kilima kikali mno. Baadhi ya waendeshaji wa kulipwa, wenye gia za kila namna, walishuka wakasukuma baiskeli zao kwa miguu mbele ya kamera za televisheni. Kama wao walisukuma, wewe na Fonix yako ni nani? Ila usipande kwa kuyumba kutoka upande huu wa barabara mpaka ule. Lori linaloshuka halijui unakata kona za nini.

Uchovu wa kila siku si uvivu

Hapa nataka mnisikilize vizuri.

Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akajifunza baiskeli huko Kenya pamoja na David Kinjah, mwendeshaji mashuhuri wa huko. Alishinda mashindano ya kuzunguka Ufaransa mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na kipindi kigumu. Leo anaendesha vizuri, kesho hana nguvu, na hakuna aliyejua kwa nini. Mwisho wa mwaka 2010 alipimwa damu, akakutwa na nini? Kichocho! Ugonjwa huu huu wa kwetu. Alitibiwa kwa dawa ya praziquantel, ile ile wanayopewa watoto wetu shuleni.

Kichocho hukipati kwa kula wala kwa kupeana mikono. Vijidudu vyake vinakua ndani ya konokono wadogo wa majini. Vinatoka, vinaogelea, vinapenya ngozi yako unapooga, kuvua au kufua katika maji ya mto, bwawa au ufuko wa ziwa. Navyo vinafika majini kwa sababu mtu mwenye ugonjwa amekojoa au kujisaidia humo. Dalili ni kama damu kwenye mkojo au kinyesi, tumbo kuuma, na uchovu usioisha. Ati kuna vijana wanadhani kukojoa damu ni dalili ya kubalehe! Hapana. Ni ugonjwa, na una dawa.

Wako pia wenye malaria isiyotibiwa vizuri, wenye minyoo, na wasichana wenye upungufu wa damu kwa sababu ya hedhi nyingi na mlo duni. Kwa hiyo ukiona wenzako wa rika lako wanapanda kilima na wewe kila siku moyo unataka kutoka kifuani, usijidharau na usikubali kuitwa goigoi. Nenda zahanati ukapimwe. Pengine shida haiko miguuni, iko kwenye damu.

Kushuka: hapa ndipo watu wanapokufa

Kupanda kunachosha, lakini ni nadra kumuua kijana. Kinachoua ni kushuka. Na kushuka ndiko tunakopenda, si ndiyo? Upepo usoni, shati linapepea, miguu imeachia pedeli, kelele "Ooooh!" mpaka chini.

Wenye Fizikia nisaidieni. Mteremko wa kwenda chini mita 10 tu, yaani kama urefu wa mwembe mkubwa. Ukiachia baiskeli bila breki, tusahau upepo na msuguano kidogo, chini utakuwa na mwendo gani? Zidisha mbili kwa 9.8 kwa 10, unapata 196. Kipeuo chake cha pili ni 14. Mita 14 kwa sekunde, yaani kilomita 50 kwa saa! Upepo na msuguano vitapunguza kiasi fulani, lakini mwenyewe umeona. Kujibamiza kwenye kitu mwisho wa mteremko huo si mbali sana na kuanguka kutoka juu ya mwembe. Hakuna kati yenu anayeweza kuruka kutoka juu ya mwembe kwa kujifurahisha. Lakini kwa baiskeli mnaruka kila siku.

Jambo la pili: mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama unaongezeka mara nne. Kama kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa ungesimama ndani ya mita 5, kwa kilomita 40 utahitaji mita 20. Mbuzi aliyekatiza barabara hatakusubiri.

La tatu ni mishikaki. Unampakia mmoja kwenye keria, mwingine kwenye bomba la mbele. Uzito umeongezeka, lakini breki ni zile zile. Raba mbili ndogo zilizotengenezwa kumsimamisha mtu mmoja sasa zinaombwa kusimamisha watatu. Tena aliyekaa mbele anakuzuia kuona na kugeuza usukani.

Kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa letu, huko Burundi, kuna vijana wanaobeba ndizi kwa baiskeli kutoka milimani kwenda Bujumbura. Wanashuka na mikungu imewazidi kimo. Wakati wa kurudi, wanashika nyuma ya malori ili yawavute kupanda. Ni vijana wa kazi, siwacheki; wanatafuta riziki. Lakini lori likifunga breki ghafla au likiingia shimoni, mkono wa mtu hauwezi kubishana na chuma. Wengi wameumia, wengine wamekufa. Na huku kwetu nimeshawaona wanaojaribu mchezo huo. Acheni.

Labda utasema, "Dada, mbona mabingwa wanashuka kwa kasi?" Swali zuri. Tarehe 8 Machi 2025, kwenye lile shindano la barabara nyeupe, Pogačar alianguka vibaya kwenye kona ya mteremko. Akaingia vichakani, akatoka na majeraha, akapanda tena, akashinda. Vijana wengi walioona walisema, "Huyo ni simba!" Lakini hesabu alivyokuwa navyo: kofia ngumu kichwani, barabara iliyofungwa magari, na gari la daktari nyuma yake. Wewe una kipi kati ya hivyo? Na hata pamoja na hivyo vyote, mteremko umeua mabingwa. Wouter Weylandt wa Ubelgiji alikufa tarehe 9 Mei 2011 akishuka mlima katika mashindano ya kuzunguka Italia. Gino Mäder wa Uswisi alianguka kwenye mteremko mwezi Juni 2023, akafa kesho yake. Hawa walikuwa watu wa kazi hiyo hiyo.

Basi ushuke vipi?

Kwanza, jaribu breki ukiwa bado juu. Breki ikiwa mbovu, shuka kwa miguu. Kisigino cha kandambili si breki!

Pili, punguza mwendo mapema, kabla ya kona, si ndani ya kona. Kwenye changarawe, ukifunga breki huku umelala kwenye kona, tairi linateleza na wewe unalifuata.

Tatu, tumia breki zote mbili, kwa kubana na kuachia pole pole. Ya mbele ina nguvu zaidi, lakini ukiikamata ghafla itakurusha juu ya usukani. Sukuma makalio nyuma kidogo kwenye kiti.

Nne, mvua ikinyesha, rimu za chuma zikilowa, breki hukosa nguvu. Anza kubana mapema zaidi ili raba zifute maji. Na masika, udongo huu wetu unakuwa kama sabuni. Kusukuma siku hiyo ni akili.

Tano, kaa kushoto, piga kengele kwenye kona. Usiku uwe na taa mbele na kiakisi chekundu nyuma. Huna? Vaa angalau shati jeupe.

Ukipata kofia ngumu, hata ya mtumba isiyo na ufa, ivae. Katika mashindano ya kulipwa haikuwa lazima mpaka mwaka 2003, alipokufa Andrey Kivilev wa Kazakhstan kwa kuumia kichwa. Alikuwa hakuivaa.

Pombe na usukani

Nimetaja vilima vya mizabibu, na huko divai haikosekani. Yule Girmay alipomaliza kushinda pale Jesi, alipewa chupa kubwa ya divai yenye povu afungue jukwaani. Kizibo kikafyatuka, kikampiga jichoni! Akapelekwa hospitali, na kesho yake hakuendelea na mashindano. Pombe ilimtoa mchezoni bila hata kuinywa. Je, aliyeinywa?

Huku hatuna divai, lakini tuna wanzuki, tuna komoni, tuna gongo. Mtu anatoka mnadani jioni, anasema, "Baiskeli inajua njia yenyewe." Haijui! Ukienda mita 10 kwa sekunde na ubongo ukachelewa sekunde moja tu kuamua, umeshasogea mita 10 kabla mkono haujagusa breki. Kama baba, mjomba au kaka amelewa, asikupakie. Mwambie kwa heshima, "Baba, leo tusukume, tutembee wote." Si utovu wa adabu.

Wasichana na baiskeli

Wakati naingia nilihesabu kimoyomoyo: kwenye zile baiskeli, za wasichana ni chache sana. Nimeuliza kwa nini, nikajibiwa kwa minong'ono kwamba "msichana akiendesha baiskeli anaharibika."

Tuseme wazi. Wanachokihofia watu ni ule utando laini ulioko kwenye mlango wa uke. Utando huo hautofautishi mwema na mbaya. Wengine wanazaliwa nao mdogo sana, wengine unatanuka wenyewe kwa kukua au kwa michezo. Mtu ambaye hajafanya ngono ni bikira, awe amepanda baiskeli, mti au punda. Baiskeli haitoi ubikira wala haizuii kuzaa.

Sasa tuulize kinachoharibu kweli. Msichana anatembea kilomita nyingi kwenda na kurudi. Amechoka, amechelewa, anaogopa fimbo. Anatokea kijana wa pikipiki: "Mrembo, panda nikufikishe, hela ya nini?" Leo lifti, kesho chipsi, keshokutwa anadai malipo, na malipo anayoyataka ni mwili wako. Mnawajua, mimi sitaji mtu. Msichana mwenye baiskeli yake hahitaji lifti hiyo.

Na si maneno yangu tu. Mwaka 2006 jimbo la Bihar, India, lilianza kuwapa wasichana wanaoingia sekondari fedha za kununua baiskeli. Watafiti walikuta kwamba uandikishaji wa wasichana uliongezeka kwa asilimia 32. Zambia, jirani zetu hapa, wasichana wa vijijini waliopewa baiskeli walitumia muda mfupi zaidi njiani, hawakuchelewa sana, na utoro wao ulipungua.

Sketi si tatizo. Vaa kaptula au suruali ya michezo ndani, na uombe baiskeli isiyo na bomba la juu kama ipo. Na ninyi wavulana, badala ya kuzomea, mfundisheni dada yako nyumbani. Jioni moja kwenye uwanja wa mpira, tambarare, kiti kishushwe mpaka miguu iguse chini. Atajua haraka kuliko unavyodhani.

Maswali mliyoniandikia

"Dada, nikiwa kwenye siku zangu naweza kuendesha?"
Ndiyo. Kama huna maumivu makali, haina madhara, na mazoezi huwapunguzia wengi maumivu. Jikinge vizuri na badilisha kitambaa au pedi kwa wakati.

"Mazoezi kiasi gani yanatosha kwa sisi vijana?"
Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa dakika 60 kwa siku kwa wenye umri wa miaka 5 mpaka 17. Kuja shule kwa baiskeli na kurudi kunahesabiwa, na kuchota maji pia.

"Kiti kinaniuma na sehemu za siri zinakufa ganzi. Nitakosa nguvu za kiume?"
Ganzi ni ishara kwamba kiti kinabana mishipa. Kiti kiwe sawa, pua yake isielekee juu. Inuka kwenye pedeli kila baada ya muda. Ganzi ikiendelea hata ukishuka, muone mganga wa zahanati.

"Mwenzangu akianguka na kupiga kichwa, nifanye nini?"
Usimwinue kwa pupa. Asimamishe mtu magari. Akilalamika shingo, usiigeuze. Damu inayotoka, bana kwa kitambaa safi. Usimpe pombe wala chakula. Na hata akisema, "Niko poa," mwangalie siku nzima. Akitapika, akichanganyikiwa, akisinzia kupita kawaida, kichwa kikizidi kuuma, au damu na maji yakitoka sikioni au puani, ni zahanati mara moja, hata kama ni usiku wa manane.

"Dada, breki ni ghali, nyumbani hawana hela."
Nakuelewa. Lakini raba za breki ni kati ya vitu vya bei ndogo kwenye baiskeli nzima. Kaeni wanne au watano, changeni kidogo kidogo, mmoja atengeneze wiki hii, mwingine wiki ijayo. Na mpaka zamu yako ifike, kila mteremko shuka usukume.

Sasa simameni

Mwalimu wenu ameniruhusu tutoke nje dakika 15. Kila mwenye baiskeli asimame nayo, asiye nayo ajiunge na mwenzake. Tutakagua mambo sita: breki ya mbele, breki ya nyuma, upepo wa matairi, mnyororo, usukani kama haulegei, na kengele. Bana breki, sukuma baiskeli mbele. Tairi likizunguka, breki hiyo haipo. Tutaandika kwenye karatasi ni baiskeli ngapi zimefaulu, karatasi itabandikwa darasani, na mwezi ujao nikirudi tutahesabu tena.

Ambaye breki zake zimefeli leo asione aibu. Ila kwenye kile kilima cha kwenda nyumbani jioni hii, atembee. Tumeelewana? Haya, twendeni nje.

JADILINI NA WENZENU
1. Ni mteremko gani karibu na shule yenu ulio hatari zaidi, na nini kifanyike?
2. Kwa nini wasichana wachache wanaendesha baiskeli kijijini kwenu? Nani anaweza kubadilisha hali hiyo?
3. Rafiki yako anataka kushika lori ili limvute kilimani. Utamwambia nini akusikilize?